Kuifanya shasi ya kigari cha mfuo ishike kona: mwongozo kamili

Kigari cha mfuo, yaani kigari cha umeme cha kuchezea kinachofuata mfuo (ufa mwembamba) uliochongwa kwenye njia yake, hakina usukani. Anayekiendesha ameshika kidhibiti cha kuongeza na kupunguza umeme, basi. Ulimi mdogo ulio chini ya pua ndio unaofuata mfuo wa njia, na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Kikifika konani, linaloamua kama kitapita au kitachomoka ni shasi: imelala sawa au imepinda, imebeba uzito wapi, na inaruhusiwa kuchezacheza kiasi gani. Ndiyo maana nasikitika ninapoona mtu anatoa pesa yake ya kwanza kununua mota kali. Mota kali juu ya shasi iliyopinda inakufikisha konani upesi zaidi, na inakutoa njiani upesi zaidi. Iache mota ilivyo. Kazi yote ninayoieleza hapa inafanyika kwa mota uliyonayo.

Nazungumzia vigari vya kipimo cha 1:32, yaani vidogo mara 32 kuliko gari halisi, vyenye urefu wa sentimita 14 hivi na uzito wa gramu 70 hadi 100. Scalextric ya Uingereza ilianza kuviuza mwaka 1957. Carrera iliyoanzia Ujerumani, pamoja na Slot.it na NSR za Italia, zinatengeneza vya aina hiyohiyo. Vingi vinavyofika Lubumbashi vinakuja ndani ya masanduku ya ndugu walioko Ulaya, na vipuri vyake havipatikani dukani kwetu. Hilo lisikukatishe tamaa. Karibu kila kitu kinachohitajika kinapatikana kwenye masoko ya hapa mjini, Soko la Mzee na Soko la Kenya, au kwa fundi wa jirani.

Kusanya hivi: bisibisi ndogo ya saa, tupa ndogo, msasa wa namba 220, 400 na 600, gundi ya papo hapo, selotepu, mafuta ya cherehani, rangi ya kucha isiyo na rangi, koleo ndogo, na mizani ndogo ya dijitali inayopima gramu. Ongeza daftari. Daftari ni kifaa kama bisibisi, na nitaeleza sababu.

Umeme usiotulia unakudanganya

Kabla ya kugusa shasi, hakikisha kigari kinapata umeme uleule kila unapokijaribu. Jioni volti zikishuka mtaani, kigari kinapungua mwendo, nacho kinapita kona vizuri. Utadhani marekebisho yako yamefaulu. Asubuhi volti zikirudi, kinachomoka kama jana. Adapta nzuri ya kisasa inatuliza sehemu ya tatizo hilo, lakini haikusaidii umeme ukikatika kabisa.

Mimi napendelea kujaribu kwa betri ya volti 12, ya pikipiki au ya sola. Betri iliyojaa inasimama kwenye volti 12.6 hivi, na kigari kimoja kinakula umeme mdogo sana kiasi kwamba hazishuki haraka. Adapta nyingi za 1:32 zinatoa volti 12 hadi 15, kwa hiyo kigari kitakuwa kimepoa kidogo. Kwa kazi ya kurekebisha hiyo ni faida. Sharti ni mawili. Weka fyuzi ya ampea 3 kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri, maana waya zikigusana betri inaweza kumwaga umeme wa kuyeyusha waya na kuwasha moto. Na usiunganishe betri na adapta kwa wakati mmoja.

Toa sumaku

Chini ya vigari vingi kuna sumaku inayovuta vyuma vya njia vinavyopitisha umeme. Inaweza kukandamiza kigari kwa nguvu inayopita uzito wake chenyewe, na kwa sababu hiyo inaficha kila kasoro: shasi iliyopinda, tairi lisilo duara, ulimi uliokaa juu. Tena ikiachia, inaachia ghafla. Mkia hautoi onyo, unaona tu kigari kiko sakafuni. Itoe na uiweke kwenye kopo. Ukimaliza kazi unaweza kuirudisha ukipenda, lakini nadhani hutapenda.

Kama umechonga njia yako kwenye tripleksi na kubandika utepe wa shaba, sumaku haina kazi hata kidogo, kwa kuwa shaba haivutwi na sumaku. Ni gramu za bure tu mahali usipopachagua.

Sasa kigari kitaserereka mkia kila kona na utaona kimeharibika. Hakijaharibika, kinakuonyesha hali yake.

Meza ya kupimia

Mwombe fundi vioo vipande viwili vya kioo cha dirisha vyenye unene sawa, kila kimoja kama upana wa daftari, kingo zake zisuguliwe zisikate. Vibandike juu ya ubao ulionyooka, ukiacha nafasi ya milimita 3 katikati. Nafasi hiyo ndiyo mfuo wako. Ikiwa ulimi unagusa ubao chini, ongeza unene kwa kuweka kioo kingine. Bila meza hii utakuwa unakisia, kwa sababu njia yenyewe, hasa ya plastiki, ina mabonde na maungio.

Nyoosha shasi

Vua bodi, yaani ganda la juu la kigari, toa mota, ekseli, ulimi na waya. Ilaze shasi tupu juu ya kioo na ubonyeze kila pembe kwa kidole. Ikibembea hata kidogo, imepinda, na magurudumu ya nyuma hayakanyagi kwa uzito sawa. Vigari vilivyofungwa skrubu kwa nguvu miaka mingi ndani ya kisanduku hupinda sana.

Ifunge shasi juu ya kigae bapa kwa uzi au mipira, ikandamizwe sawasawa bila kuvunjika. Weka kigae ndani ya sufuria pana, kisha mimina maji yaliyotoka kuchemka hadi yaifunike. Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji huku yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Yanatosha kulainisha plastiki bila kuiyeyusha. Usiiweke sufuria jikoni juu ya moto, maana kitako kinapata joto kuliko maji. Acha dakika 5, mwaga, mimina maji ya baridi, na usifungue mpaka kila kitu kipoe. Pima tena juu ya kioo. Ikibaki kupinda kidogo rudia, ila mara hii weka karatasi nene iliyokunjwa chini ya pembe inayokataa, ili ipinde kupita kiasi kidogo upande wa pili na kurudi katikati.

Ekseli na bushi

Vingirisha ekseli juu ya kioo. Ikidunda, imepinda, tafuta nyingine, kwa sababu kuinyoosha kwa nyundo hakufanikiwi vizuri. Halafu angalia bushi, vile vikombe vidogo ambamo ekseli inazunguka. Vikicheza ndani ya shasi, mkia unadundadunda unapotoka konani. Tia tone la mafuta kwenye ekseli ili gundi isiishike, panga bushi zikae sawa, kisha gusa nje ya kila bushi kwa ncha ya kijiti yenye gundi kidogo sana. Endelea kuizungusha ekseli kwa vidole mpaka gundi ikauke.

Mchezo wa ekseli wa kwenda kushoto na kulia uwe mdogo, robo hadi nusu ya milimita. Ukizidi, weka washa (kipete bapa) nyembamba. Gia nazo: kipande cha karatasi ya daftari kipite kati ya meno na kutoka na alama bila kuchanika. Zikipiga kelele, tia dawa ya meno kwenye meno, ziache zizunguke dakika chache kwa umeme mdogo, halafu osha kabisa kwa mswaki na maji, kausha, tia mafuta kidogo. Kelele ikipungua, na mtetemo unaofika kwenye matairi unapungua.

Matairi, kazi yenye faida kubwa kuliko zote

Kama una muda wa kufanya jambo moja tu, fanya hili. Tairi la kiwandani linaonekana duara kwa macho, lakini mara nyingi limejaa mawimbi, na linagusa njia kwa ukingo mmoja tu. Utajua kwa kukimbiza kigari polepole: kikitetemeka kwenye sehemu iliyonyooka, tatizo ni matairi au rimu.

Anza kwa kuyagandisha. Vua tairi, safisha rimu, tia matone madogo ya gundi ya papo hapo pande zote, rudisha tairi upesi na ulizungushe kwa vidole likae sawa. Tairi lisilogandishwa linapanuka na kujikunja mwendo ukiongezeka. Acha likauke usiku mzima.

Kesho yake bandika msasa namba 220 kwa selotepu juu ya njia, mahali yatakaposimama magurudumu ya nyuma, ulimi ukiwa mbele juu ya vyuma vya umeme. Washa kwa mwendo mdogo. Shika kigari kwa vidole viwili, kiache kikanyage msasa kwa uzito wake, ukikiongezea kidogo tu. Sekunde 20, pumzisha, angalia. Sehemu zilizoguswa zinapoteza mng'ao. Endelea mpaka mng'ao uishe upana mzima wa matairi yote mawili. Usikandamize, mota itapata joto na matairi yatakuwa na umbo la koni. Ukiona upande wa ndani unalika kuliko wa nje, mkono wako umeinama. Malizia kwa 400, kisha 600. Mwisho zungusha ukingo wa nje wa tairi kidogo kwa msasa laini, ili kigari kikiinama kisijing'ang'anie na kupinduka.

Tahadhari: matairi ya silikoni hayaliki vizuri kwa msasa. Yapime, yagandishe kwa gundi inayofaa silikoni, na yakiwa si duara badilisha. Mpira wa kawaida na ule wa yurithani ndio unaokubali kazi hii.

Halafu kuna vumbi letu jekundu. Kuanzia Mei mpaka Septemba linapenya hata dirisha likifungwa, na tairi lenye vumbi haliwezi kushika, hata likiwa duara namna gani. Pangusa njia kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, iache ikauke, na kabla ya kila jaribio vingirisha matairi juu ya selotepu iliyogeuzwa upande wa gundi. Asubuhi za Juni na Julai mpira unakuwa mgumu kwa baridi. Kizungushe kigari njiani mara kadhaa kabla ya kuandika chochote kwenye daftari.

Ulimi, misuko na magurudumu ya mbele

Sehemu hizi tatu zinapimwa pamoja. Weka kigari juu ya meza ya kupimia, ulimi ndani ya mfuo. Ulimi ushuke mpaka mwisho wake. Ikiwa magurudumu ya mbele yanakanyaga kwanza na kuuinua, hapo umepata sababu ya kigari kuchomoka kila unapoongeza umeme. Sugua matairi ya mbele yapungue, au kama shasi yako ina skrubu ndogo za kupandisha ekseli ya mbele, zitumie. Lengo ni magurudumu ya mbele yaguse kwa shida: karatasi ipite chini yake kwa kuvutwa taratibu. Kwenye njia ya mbao iliyonyooka unaweza kuyaacha yaelee unene wa karatasi moja. Kwenye njia ya plastiki yenye maungio, nashauri yaguse, maana yanazuia kigari kisiiname upande mmoja.

Magurudumu hayo hayaongozi chochote, kwa hiyo kushika kwake ni hasara tupu. Yapake rangi ya kucha isiyo na rangi, mara mbili au tatu, yawe magumu na ya kuteleza.

Misuko ya shaba iliyo pande mbili za ulimi inachukua umeme kutoka kwenye vyuma. Ikiinuka kwa kukunjwa sana inafanya kazi ya springi na kuinyanyua pua. Ilaze karibu bapa, ncha zake zikiinama kidogo tu, na utawanye nyuzi za mwisho. Ikiisha, unaweza kutumia ile misuko ya shaba ya mafundi wa redio ya kufyonzea lehemu, mradi haijatiwa dawa nyingi. Msuko wa kebo ya televisheni nao unafaa ukiwa wa shaba kweli. Ukwangue kwanza, maana nyingi siku hizi ni alumini.

Mwisho, geuza ulimi kwa kidole kushoto hadi mwisho, uachie. Halafu kulia. Uzunguke bila kukwama wala kurudishwa kwa nguvu upande mmoja. Ukirudi, waya ni ngumu au fupi; weka waya laini zaidi na uzipitishe kwa mkunjo mpana.

Kitanda cha mota na bodi: kuacha vitu vicheze

Shasi nyingi za Slot.it, NSR na nyingine za kisasa zina kitanda cha mota, yaani kipande kinachobeba mota na ekseli ya nyuma, kilichofungwa kwa skrubu kwenye shasi. Skrubu hizo zikikazwa kabisa, kila kishindo cha njia kinapita moja kwa moja hadi kwenye ulimi. Zilegeze nusu mzunguko, jaribu, kisha nusu nyingine. Kitanda kinapopata nafasi ndogo ya kujigeuza, matairi yote mawili yanabaki chini hata shasi ikiinama. Umuhimu wake ni mkubwa zaidi pale mota inapolala kufuata urefu wa kigari: inapoanza kuzunguka, nguvu yake inakandamiza gurudumu moja la nyuma na kulinyanyua jingine, ndipo kigari kinakuwa kizuri kwenye kona za upande mmoja tu. Mota iliyokingama haina ugonjwa huo kwa kiasi hicho. Skrubu zilizolegezwa zitaanguka njiani. Zizuie kwa tone la rangi ya kucha juu ya kichwa.

Kama shasi yako haina kitanda, na mota imebanwa tu kwenye plastiki, fanya kinyume: igandishe mota isitikisike kabisa kwa gundi ya moto pande mbili, mbali na matundu ya hewa. Mota inayocheza ovyo inachezesha gia na kudundisha mkia. Uhuru utautafuta kwenye bodi.

Bodi ndilo jambo ambalo watu wengi hawaligusi, nami nalipa uzito sawa na matairi. Weka bodi juu ya shasi bila skrubu na uangalie kingo. Popote inapogusana na shasi, sugua kwa tupa mpaka pawe na nafasi ya nusu milimita kila upande. Hakikisha matairi hayagusi matao ya magurudumu. Kisha funga skrubu mpaka zishike, na uzirudishe nyuma mzunguko mmoja. Kitikise kigari karibu na sikio: utasikia kagongo kadogo. Hapo bodi inainama kwanza konani kabla ya shasi, na mkia unateleza taratibu badala ya kuruka. Anayeendesha anapata nafasi ya kupunguza umeme kwa wakati.

Ukiwa bodi umeivua, toa vitu vizito vya juu. Kioo kinene, kiti na dereva wa plastiki nzima viko juu kabisa, na kila gramu ya juu inakifanya kigari kibembee kama lori la mpakani Kasumbalesa lililopakiwa kupita kimo.

Uzito

Uzito unakuja baada ya hayo yote, kamwe si kabla. Ukiweka uzito kwenye kigari chenye matairi mabovu utakuwa umepata kigari kizito chenye matairi mabovu.

Wengi wanatumia risasi, zile za kusawazishia magurudumu kwenye gereji za matairi. Ni nzito, inapondeka bapa kwa nyundo, lakini ni sumu, hasa kwa watoto. Usiipige tupa wala msasa, usiiyeyushe kwenye sufuria ya nyumbani, izungushie selotepu, na unawe mikono kwa sabuni kabla ya kula. Mimi nashauri shaba, na huku kwetu hakuna udhuru wa kuikosa. Sentimita moja ya ujazo ya risasi ina gramu 11.3, ya shaba ina gramu 8.9. Tofauti hiyo inafidiwa kwa kipande kirefu kidogo. Omba mabaki kwa mafundi wanaosuka mota upya, na usinunue waya usiojua ulikotoka, maana kebo zinazoibwa zinauzwa mjini. Shaba inapitisha umeme, kwa hiyo ifunike kwa selotepu isiguse waya za mota.

Pima kigari kwenye mizani, ekseli ya nyuma juu ya sahani na ulimi juu ya kitu cha kimo kilekile, halafu ugeuze. Mahali pazuri pa kuanzia ni sehemu 6 kati ya 10 za uzito ziwe nyuma. Ongeza gramu 3 hadi 5 kwa wakati mmoja, chini kabisa, juu ya sakafu ya shasi, na pande zote mbili sawa. Bandika kwanza kwa selotepu, gundi baadaye.

Pua ikinyanyuka unapoongeza umeme, weka gramu 2 au 3 nyuma tu ya ulimi. Kigari kikitaka kupinduka, weka vipande pembeni, chini, katikati ya ekseli mbili. Mkia ukiserereka mno huku matairi ni safi, weka mbele kidogo ya ekseli ya nyuma. Usiweke nyuma ya ekseli hiyo: mkia ukianza kuzunguka, uzito huo unauvuta uendelee. Kigari kilichotolewa sumaku kwa kawaida kinaridhika na gramu 10 hadi 25. Ukipita hapo, mota inapata joto, breki zinachelewa, na muda wa mzunguko unaanza kupanda tena.

Kujaribu

Badilisha kitu kimoja. Kizungushe kigari njiani mara 10 kwenye mfuo uleule, kwa simu yenye saa ya kuhesabu, na uandike muda wote pamoja na idadi ya kuchomoka. Halafu badilisha kingine. Muda bora wa mzunguko mmoja hauna maana sana. Tafuta mizunguko 10 inayofanana. Rekebisho likiongeza kasi lakini likaongeza kuchomoka, lirudishe ulikolitoa.

Soma tabia pia. Kikichomoka mwanzoni mwa kona, mara nyingi ni wewe, umechelewa kupunguza. Kikichomoka katikati, angalia bodi, matairi na uzito wa pembeni. Kikichomoka wakati wa kutoka, ukiwa umeongeza umeme, ni ulimi, misuko au pua nyepesi. Kikidunda, rudi kwenye bushi na uduara wa matairi. Kikizimika ghafla kwenye kona na kuwaka tena, ni waya zinazovutwa ulimi unapogeuka.

Ukishapata mpangilio unaokuridhisha, rudi mara moja kwenye meza ya kupimia. Uzito ulioongeza umeikandamiza shasi, na majaribio yamepunguza matairi ya nyuma, kwa hiyo pua sasa imepanda kuliko ulipoipima mara ya kwanza. Pitisha karatasi chini ya magurudumu ya mbele upya, sugua yanapohitaji, yapake tena rangi ya kucha, ndipo ugandishe uzito kwa gundi.